Ndege Kwanza, Kereng'ende Jua Likipanda

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: mwenye kamera moja na lenzi moja anaweza kurudi na picha nzuri za ndege na za kereng'ende kwa matembezi yale yale? Anaweza kabisa, mradi asiwatafute wote kwa wakati mmoja.

Kwenye vidimbwi vya pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, kwa mfano, ndege huchangamka tangu saa 12.30 asubuhi hadi saa 3 hivi. Kereng'ende yeye lazima kwanza misuli ya kifua ipate joto ndipo aruke vizuri, kwa hiyo hushika kasi wakati ndege wanaanza kupumzika. Basi anza na ndege, kisha geukia ukingo wa maji. Ikikaribia saa 6 pumzika: hewa inayochemka juu ya mchanga hutia ukungu kila picha ya mbali, hata lenzi iwe ya bei gani.

Lenzi ya mm 300 au 400 inatosha kwa wote wawili. Kabla hujainunua, uliza inafokasi kuanzia umbali gani. Nyingi za urefu huo zinagoma chini ya mita moja na nusu, nyingine hata mita mbili na nusu, na hapo mdudu wa sentimita 4 anabaki kijidoa. Dawa yake ni pete ya kurefusha ya mm 25, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Haina kioo ndani, na inakuruhusu kusogea karibu zaidi. Ukirudi kwa ndege ivue, maana ikiwa imefungwa kitu cha mbali hakishiki.

Kwa ndege aliyetua, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/800 ya sekunde; anayeruka, 1/2000. Yangeyange akiwa juani shusha fidia ya mwanga, mpangilio wa kuongeza au kupunguza mwangaza wa picha, hadi -1, la sivyo manyoya yanaungua na kuwa karatasi nyeupe isiyo na mstari hata mmoja.

Kereng'ende anataka tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) la f/8 hadi f/11, shata 1/800, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 400 kwenye jua wazi. Kwa karibu hivyo, kina kinachoonekana vizuri ni kama sentimita moja tu. Ndiyo maana picha nyingi zina jicho safi na mkia wenye ukungu. Kaa ubavuni mwake, uso wa lenzi uwe sambamba na mwili wake, na nukta ya kufokasi iwe moja, ndogo, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague, itashika manyasi ya nyuma.

Usimkimbilie. Wengi wao wana kijiti chao, wakiruka hurudi pale pale. Piga goti mita mbili kutoka kijiti hicho, kivuli chako kiangukie pembeni, fokasi kwenye ncha, ungoje. Jua likizidi utamwona akiinua mkia wima kulielekea, mwili wote ukisimama kama msumari. Anapunguza eneo linalopigwa na joto, na hilo ndilo pozi zuri kuliko yote. Ukitaka kumtambua baadaye, piga pia kutoka juu: mishipa ya mabawa na kidoa kilicho karibu na ncha ya kila bawa husaidia sana.

Keremkerem, ndege mla nyuki, naye ana kitawi chake, na kereng'ende ni chakula chake. Akirudi na windo hulipigapiga kwenye tawi kabla ya kulimeza. Weka 1/2000 mapema, kwa kuwa yote hayo hayachukui muda.

Kuna kereng'ende mmoja asiyefuata haya: Pantala flavescens, yule wa rangi ya dhahabu anayejaa angani msimu wa kaskazi. Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja kwamba hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki wakisaidiwa na upepo. Mchana kutwa huruka, na kumpiga hewani ni kubahatisha. Mtafute jioni au kukiwa na mawingu, chini ya vitawi vikavu vya kichaka. Hatui mwili ukiwa mlalo kama wenzake, huning'inia wima, kwa hiyo geuza kamera isimame wima nayo.