Namba ya Kikapu Isiyobadilika

SWALI: Ninajifunza kuunda tovuti kwa React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa, hapa Kisumu, na sasa ninamtengenezea mama mmoja anayeuza mbuta na omena sokoni Kibuye. Kikapu cha mteja nimekiweka katika kigeugeu (variable) kimoja cha JavaScript kinachotumiwa na faili zote. Mteja akiongeza samaki, namba iliyo kwenye kona ya juu hubaki sifuri mpaka aende ukurasa mwingine na kurudi. Mwenzangu ananishauri nihamie Redux, maktaba ya kutunza data ya tovuti nzima mahali pamoja, lakini naona ni mzigo mkubwa kwa kazi ndogo. Je, hakuna njia nyepesi?

JIBU: Ndugu msomaji, kikapu chako kimebadilika kweli, ila React haikuarifiwa. Kigeugeu cha kawaida hakipigi mbiu, na kijenzi (kipande cha ukurasa) kisichosikia mbiu hakijichori upya.

Unachohitaji ni ghala dogo lenye mambo matatu: thamani yenyewe, funksheni ya kuibadilisha, na orodha ya wasikilizaji wanaoarifiwa kila inapobadilika. Haya yote huenea katika mistari isiyozidi 20. Tangu toleo la 18, lililotoka mwaka 2022, React ina useSyncExternalStore, ambayo unaipa funksheni ya kujiandikisha na nyingine ya kusoma thamani ya sasa. Ile ya kujiandikisha lazima irudishe funksheni ya kujiondoa, la sivyo wasikilizaji wa kurasa zilizokwisha kufungwa watazidi kurundikana.

Sasa angalia mahali ambapo wengi hukwama. Ukimwongeza mbuta kwa push, yaani amri inayoongeza kitu ndani ya safu (orodha) iliyopo, safu ni ile ile machoni pa React, kwa kuwa inalinganisha utambulisho wa safu wala haichungulii vilivyomo, na sifuri yako itabaki pale pale licha ya ghala jipya. Unda safu mpya kila mara: [...kikapu, mbuta]. Kosa la pili ni kinyume cha hilo, yaani funksheni ya kusoma inayochuja kikapu na kurudisha safu mpya kila inapoitwa. React itadhani kuna badiliko jipya kila mara, nayo itachora bila kikomo. Kona ya juu isome idadi tu, ambayo ni namba.

Wapo watakaokushauri utumie Context, njia ya React yenyewe ya kuvipa vijenzi vingi thamani moja. Inafaa kwa kitu kisichobadilika mara kwa mara, kama lugha ya tovuti, lakini thamani yake ikibadilika, kila kijenzi kinachoisoma huchorwa upya, hata kile kilichohitaji kipande kidogo tu. Redux, ambayo imekuwapo tangu 2015, si mbaya. Hufaa pale timu kubwa inapotaka kufuatilia kila badiliko. Kama hutaki kuandika ghala lako mwenyewe, chukua maktaba ndogo ya Zustand, neno la Kijerumani lenye maana ya “hali”, ambayo kimsingi hufanya haya haya niliyoeleza.

Ili kikapu kisipotee mteja anapofunga kivinjari, kihifadhi katika localStorage, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, kama maandishi ya JSON (muundo wa kuandika data), lakini weka utambulisho wa samaki na idadi pekee: bei ya mbuta ya asubuhi huenda si ya jioni, basi itoke kwenye seva.

Maneno anayoandika mteja katika kisanduku cha kutafuta yasiingie ghalani kamwe, useState, inayotunza thamani ndani ya kijenzi kimoja, inatosha. Aina ya samaki aliyoichagua iandikwe kwenye anwani ya ukurasa, ili akimtumia dada yake kiungo kwa WhatsApp, dada afungue aone omena ile ile.