Kabla ya kuuliza aina ya waya za meno

Tangu nivae waya za meno, kuna swali linanifuata kila pembe ya mji wetu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, sokoni, kwenye harusi, hata kwa watu tunaosalimiana tu njiani: "Dada, ulifungiwa za aina gani?" Wanataka kujua kama ni za chuma, za rangi ya jino, zile za plastiki zisizoonekana, au hizi mpya zinazotangazwa kwamba zinamaliza kazi upesi. Jibu langu huwa haliwapendezi. Nilifungiwa za chuma za kawaida, za bei ya chini kuliko zote pale kliniki, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, na meno yamekaa sawa. Kwa hiyo nasema hivi: aina ya waya iulize mwisho kabisa. Yako mambo manne au matano yanayostahili pesa yako na maswali yako kabla ya hapo.

Tuanze na kinachotokea mdomoni, kwa sababu ukikielewa, matangazo mengi yanapoteza nguvu. Jino halijagongomelewa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini zinazolishikilia. Waya unapolisukuma kidogo kidogo, upande unaobanwa mfupa unaliwa na chembe hai za mwili wenyewe, na upande wa nyuma chembe nyingine zinajenga mfupa mpya. Mwendo wake ni wa kama milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu ya kawaida yanachukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Mfupa hauna haraka na hauhongeki. Ukikazwa kwa nguvu kupita kiasi unaongeza maumivu, na hatari ya mizizi kufupika inapanda.

Sasa aina. Zipo breketi, yaani vile vipande vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya, zenye kamlango kanakojifunga kenyewe, bila zile raba ndogo za rangi, na zinauzwa ghali kwa maelezo kwamba zinafupisha muda. Watafiti wamezilinganisha na za kawaida kwa wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu, na hawakukuta tofauti ya maana katika muda wa matibabu. Vifaa vya kutetemesha meno ili yatembee haraka navyo havijaonyesha ushahidi wa kueleweka. Breketi za rangi ya jino zinapendeza kwa mtu anayesimama mbele za watu, lakini ni rahisi kuvunjika kuliko za chuma. Zile trei za plastiki zilisambazwa na kampuni ya Align Technology ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1997. Zinafaa kwa msongamano mdogo na wa wastani, na unazivua ukapiga mswaki vizuri. Sharti lake ni kuzivaa saa 20 hadi 22 kwa siku na kuzivua kila unapokula au kunywa kitu chenye sukari. Mimi nisiyekaa saa mbili bila chai ya maziwa, zingekuwa zinalala kwenye pochi.

Mageuzi ambayo mgonjwa anayafaidi kweli hata hayatangazwi. Ni waya wa mchanganyiko wa nikeli na titani. Uligunduliwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani na ukaingia katika tiba ya meno miaka ya 1970. Unasukuma polepole, kwa nguvu ndogo, kwa muda mrefu, na hauchoki upesi. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kukupangia kurudi baada ya wiki sita au nane badala ya kila mwezi. Kwa mtu wa Kampala hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Arua ni nauli.

Na hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo: umbali. Mamilioni ya shilingi unayotajiwa kliniki ni sehemu tu ya gharama. Weka nauli ya basi la usiku kwenda na kurudi, siku ya kazi iliyopotea, chakula, na pa kulala kama huna shangazi mjini. Weka pia dharura. Daraja la Karuma la mto Nile, tunalopita kwenda Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, magari yetu yalizungushwa hadi Masindi na Paraa, na mtu mwenye miadi ya saa tatu asubuhi Kampala alifika mchana amechoka. Kabla ya kulipa chochote, muulize daktari: nikikosa miadi moja, nini kinatokea? Waya ukichomoka nikiwa mbali, nani ataukata? Daktari wangu alinipa nta ya kufunika sehemu inayokwaruza shavu, akanielekeza niende kwa mhudumu wa meno wa hospitali ya karibu kukatiwa ncha ikinichoma. Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko breketi ya bei mbaya.

Swali lingine ni nani anakufunga. Daktari wa meno wa kawaida amesoma mengi, lakini bingwa wa kupanga meno huongeza kama miaka mitatu ya masomo juu ya hapo, na Uganda mabingwa hao ni wachache, wengi wakiwa Kampala. Kuna baraza la taifa linalosajili madaktari na madaktari wa meno. Muulize kwa heshima kama amesajiliwa na kama ni bingwa wa fani hiyo. Aliye halali hakasiriki. Vile vyuma vya mapambo vinavyouzwa mtandaoni, vya kubandika saluni kwa gundi, usiviguse wala binti yako asiviguse. Nguvu isiyo na mpango inaweza kulilegeza jino zima lililokuwa salama.

Bingwa wa kweli atakupiga eksirei ya taya zima, mara nyingi na nyingine ya kichwa kwa upande, atachukua vipimo vya meno, halafu ndipo azungumze. Akikuangalia dakika mbili na kukutajia bei, nenda kwingine. Akisema meno manne lazima yang'olewe ili kupata nafasi, usikimbie, lakini mwombe akuonyeshe kwenye picha kwa nini. Ugomvi wa kung'oa au kutong'oa ni wa zamani. Edward Angle, Mmarekani aliyetupa ule mgawanyo wa mikao mitatu ya meno mwaka 1899 ambao bado unatumika, alipinga kung'oa kwa nguvu zote. Mwanafunzi wake Charles Tweed alifuata njia hiyo, akaona kazi zake nyingi zinaharibika, akarudi kuzifanya upya kwa kung'oa. Leo hakuna jibu la watu wote. Kuna taya lako na nafasi iliyopo.

Kabla ya waya, fizi. Mimi nilicheleweshwa. Fizi zangu zilikuwa zinatoka damu, na daktari alikataa kubandika chochote mpaka nisafishwe ukoga na zitulie. Nilinung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini alikuwa na haki. Kusogeza meno juu ya fizi zenye ugonjwa kunaweza kuharakisha mfupa kuisha, na ukishaisha haurudi. Kwa mtu mzima hili linatangulia yote.

Halafu usafi wenyewe. Ukoga ukikaa kuzunguka breketi, madoa meupe ya chokaa yanaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu. Huo ni mwanzo wa kuoza. Nimewaona vijana waliovuliwa vyuma wakabaki na meno yaliyonyooka yenye mraba wa doa kwenye kila moja. Dawa ya meno yenye floridi ya kati ya 1,000 na 1,500 kwa kipimo kinachoandikwa ppm kwenye tyubu inatosha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya namna hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Nunua na kale kaburashi kadogo ka kupita chini ya waya. Mswaki wa mti tunaouthamini sisi Waislamu ni mzuri, nami naupenda, ila peke yake haufiki nyuma ya breketi.

Chakula watu hukiogopa bure. Uganda ni nchi ya kumfaa mwenye waya: matoke, mchuzi wa karanga uliosagwa, posho (ugali), maharage, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ikikatwa vipande, mihogo iliyochemshwa ikalainika. Siku mbili za kwanza baada ya kukazwa ndizo mbaya. Maumivu hufika kileleni kama saa 24 baadaye, halafu hupungua ndani ya wiki, na parasetamoli inatosha watu wengi. Vya kuaga ni mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, miwa ya kumenya kwa meno, mifupa, barafu na njugu ngumu. Muchomo, yaani nyama choma, unaruhusiwa ukiukata mdogo na kutafuna nyuma. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, wakati wao ulipofika, nilikula. Nikatumia robo saa kuchomoa miguu kwenye breketi, na bado naona ilistahili. Soda ndiyo adui asiyeogopwa: haivunji kitu, inaozesha kimya kimya, hasa ukiinywa kidogo kidogo mchana kutwa.

Sasa kwa wazazi, kwa sababu nusu ya maswali ninayopata si ya wakubwa. Mtoto wa miaka minane mwenye meno ya juu yaliyotokeza, afungwe sasa au asubiri? Utafiti umelichambua hilo vizuri. Kuanza mapema kunapunguza uwezekano wa meno ya mbele kuvunjika akianguka, lakini nje ya hapo matokeo ya mwisho hayatofautiani sana na ya yule aliyesubiri hadi ujana. Kwa hiyo mtoto anayepanda miembe kutwa na kucheza mpira kwenye kokoto ana sababu ya kuanza mapema. Mtulivu anaweza kusubiri, na wewe ukajipanga kifedha. Na kama tatizo ni mwanya mdogo tu, muulize yeye mwenyewe kama anautaka uzibwe. Mama yangu alifurahia kila kitu katika matibabu yangu isipokuwa kufungwa kwa mwanya, maana kwake huo ndio ulikuwa uzuri wangu. Sikumlaumu.

Lipo jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havilianzii. Ni ebinyo, yale yanayoitwa "meno ya uongo". Mtoto mchanga anapata homa au anaharisha, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anaambiwa hilo ndilo linalomuua mtoto, na linachokolewa kwa kisu au njiti ya baiskeli. Ule uvimbe ni chonge la kawaida linalokua. Mtafiti wa Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya madhara yake Uganda mwaka 1969, na kliniki bado zinayaona. Chonge la kudumu halioti kabisa au linaota limepinda na kuharibika, majirani wake wanasogea kuziba pengo, na mstari wa katikati ya uso unahama. Hapo hatujataja damu kuvuja, pepopunda na maambukizi mengine ambayo mtoto huyapata siku ileile. Kazi ya waya miaka kumi na mitano baadaye inakuwa ngumu na ghali, na chonge lililokwisha halirudi. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na umpeleke kituo cha afya. Bibi akisisitiza, msikilize kwa adabu, kisha panda boda uende.

Kwa wenzetu wa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda: maji ya baadhi ya maeneo ya kule yamepimwa kuwa na floridi karibu miligramu 2.5 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi 1.5. Meno yenye madoa ya kahawia ya namna hiyo, hasa yaliyoathirika sana, hushika gundi ya breketi kwa shida zaidi. Mwambie daktari ulikokulia kabla hajabandika.

Nimeacha mwishoni kile ambacho watu hawataki kukisikia baada ya kulipa mamilioni. Siku ya kuvuliwa waya, nyuzi zile zinazoshika mizizi bado zinakumbuka mahali pa zamani. Robert Little na wenzake wa chuo kikuu cha Washington waliwafuatilia wagonjwa waliong'olewa meno na kupangwa vizuri, na miaka 20 baada ya kuacha vifaa vya kushikilia, kama mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyekuwa na meno ya chini ya mbele yaliyobaki katika mpangilio unaokubalika. Ndiyo maana unapewa ritena, ama kiwaya chembamba kinachogandishwa nyuma ya meno, ama kifaa cha kuvaa na kuvua. Ipi ni bora zaidi, utafiti haujamaliza kubishana. Kinachoeleweka ni kwamba ile ya kuvaa na kuvua lazima ivaliwe usiku kwa miaka, sio miezi, na kiwaya kinahitaji kuangaliwa kila mwaka kwa sababu kikiachia upande mmoja huwezi kujua.

Kwa hiyo muulize siku ya kwanza: ritena imo kwenye bei? Ya pili ikipotea ni kiasi gani? Ioshe kwa maji baridi na sabuni laini. Maji ya moto yanaipinda. Iweke kwenye kisanduku chake, si ndani ya karatasi ya mkahawa, maana wahudumu huifagia pamoja na mabaki, na nyumbani mbwa anaipenda kuliko wewe. Na ukiaga kliniki, omba uondoke na modeli ya plasta ya meno yako ya mwisho. Ukiwa nayo, fundi wa maabara ya meno anaweza kukutengenezea ritena nyingine bila wewe kupanda basi la Kampala kupimwa upya.