Marekebisho ya Tano: ya Wamarekani na ya kwetu

SWALI: Shikamoo wakili. Naendesha bajaji hapa Ngamiani, Tanga. Kwenye sinema za Kimarekani mtu akikamatwa anataja "Marekebisho ya Tano" ya Katiba yao halafu anafunga mdomo. Mwenzangu wa kijiweni alikamatwa saa nane mchana kwa tuhuma ya kununua simu ya wizi, akaandikishwa maelezo usiku wa manane. Kesi imeanza, na tunaambiwa maelezo hayo yatatolewa mahakamani. Na sisi Katiba yetu inaturuhusu kunyamaza?

JIBU: Marahaba. Marekebisho ya Tano hata sisi tunayo, ila kazi yake ni nyingine. Ya Wamarekani ni ya mwaka 1791, na yanakataza mtu kulazimishwa kujitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe katika kesi ya jinai. Ya kwetu ni Sheria Na. 15 ya 1984, iliyoingiza haki za msingi ndani ya Katiba ya 1977. Kabla ya hapo zilitajwa kwenye utangulizi tu, na kwa utangulizi huwezi kufungua kesi. Hata zilipoingia, Serikali ilijipa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, ya kurekebisha sheria zake, hivyo wananchi wakaanza kuzidai mahakamani Machi 1988.

Ila haki ya kunyamaza ukiitafuta humo kwa jina lake hutaiona. Ibara ya 13(6) inasema mshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na inakataza mateso. Kunyamaza kwenyewe kumo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Askari kabla hajakuhoji anatakiwa akuonye kwamba hulazimiki kujibu kitu zaidi ya jina na anwani yako, na kwamba utakachosema kinaweza kuwa ushahidi.

Mimi ningekuwa na mwenzako nisingeanza na onyo, ningeanza na muda. Sheria hiyo hiyo inawapa polisi masaa manne ya kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni bila kumhoji hauhesabiwi. Wakihitaji zaidi wanaweza kuongeza yasiyozidi manane, lakini mtuhumiwa aambiwe; yakipita hayo waende kwa hakimu. Kutoka saa nane mchana, hata tukiishia saa sita usiku tu, ni masaa kumi. Kama hakuna aliyeongeza muda, maelezo hayo yana kasoro kubwa. Sisemi yatatupwa moja kwa moja, maana mahakama ina hiari ya kupima uzito wa kosa la polisi, ila nimeona kesi zikibadilika sura kwa jambo dogo kama hili.

Sasa, pingamizi lina wakati wake. Askari akisimama kizimbani na kuomba karatasi ipokelewe kama kielelezo, hakimu humuuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Wengi hujibu "sina", wakidhani watajitetea baadaye. Aseme hapo hapo: nimechelewa kuhojiwa, au nilipigwa, au sikuonywa, lile lililo kweli. Akisubiri rufaa, ataulizwa kwa nini hakulisema mapema.

Shauri la kikatiba Mahakama Kuu nisingemshauri. Njia hiyo inafaa pale sheria yenyewe ndiyo mbovu. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa unyang'anyi kwa sababu kilikwenda kinyume na Katiba. Kwa mwenzako sheria ni nzuri, waliokosea ni waliotakiwa kuifuata. Tena mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ikamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aeleze kwa hati ya kiapo jinsi yeye binafsi alivyoguswa.

Mwambie aombe nakala ya maelezo yake, aangalie saa ya kuanza na ya kumaliza iliyoandikwa juu yake, kisha ailinganishe na saa ya kukamatwa iliyotajwa na mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.