Jibu: Kwa nini TBP ya binadamu na ya hamira hazinipi mfanano wa asilimia 80?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umelinganisha TBP (protini inayoshika DNA ili jeni ianze kusomwa) ya binadamu na ya hamira mwanzo hadi mwisho, ukapata mfanano usiofika nusu, ilhali vitabu vinataja asilimia 80 hivi. Hesabu yako ni sahihi.

Kwanza angalia urefu. Ya binadamu ina asidi amino (vipande vinavyounda protini) 339, ya hamira 240. Kata vichwa vyote viwili, ubaki na zile 180 za mwisho kila upande, halafu linganisha upya. Hapo ndipo 80 inapotoka, maana mkia huo ndio unaoshika DNA kwenye TATA (mfuatano wa herufi za DNA karibu na mwanzo wa jeni) na kuipinda. Kichwa cha binadamu kina mfululizo mrefu wa herufi Q, yaani glutamini tupu, na huo unachangia kuharibu hesabu. Mimi huanza na mkia kila mara.

Ila tafadhali usiandike kwamba zinabadilishana bila shida. TBP ya hamira ilifanya kazi vizuri pamoja na protini za binadamu ndani ya tyubu. Lakini hamira iliyonyang'anywa TBP yake na kupewa ya binadamu haikui. Tofauti chache ndani ya mkia uleule zinatosha kuikwamisha, na kwangu hilo ndilo la kuvutia kuliko asilimia yenyewe.

Ukitaka jozi nyingine, chukua protini Gcn4 ya hamira na Jun ya binadamu: zote hushika mfuatano wa DNA TGACTCA. Linganisha kipande cha mwisho tu.