Umeitwa kampasi na kwenu hakuna mtu amewahi fika huko? Anza kujipanga Januari

Kila mwaka matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yakitoka, huku kwetu Mathare ploti zinalipuka kwa vigelegele. Mama mtu anatoka nje na simu mkononi anaonyesha kila jirani hiyo B ama C+, mtoto anabebwa juu, mama mboga anatoa soda. Wiki mbili baadaye kelele zimeisha na yule mtoto yuko mjengo anabeba mawe, ama yuko kwa saluni ya anti yake anafagia nywele, anangoja Agosti ama Septemba aripoti. Karibu miezi nane hivi. Hakuna mtu anamwambia kitu hiyo miezi yote juu nyumbani kila mtu anajua kazi ilikuwa kupita mtihani na mtihani amepita.

Mimi nilikuwa huyo mtoto, na nataka kuandika kile ningeambiwa.

Niliripoti chuo kimoja huko Rift Valley na sanduku la chuma lile lile la shule ya upili, godoro imekunjwa na kamba, na elfu mbili mfukoni. Mama alikuwa anafua nguo Eastleigh, hiyo pesa alikopa kwa chama yao ya akiba. Siku ya kuripoti nikapanga laini, nikalipa, nikapewa namba ya kampasi na chumba, nikajua sasa mimi ni komredi. Nikahudhuria klasi zote, CAT zote, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, nikafanya. Siku ya mtihani wa kwanza nimefika saa mbili kasorobo asubuhi na kalamu mbili, msimamizi amesimama mlangoni na orodha, anapitisha kidole chini, anarudi juu, anapitisha tena polepole. "Kijana, jina lako halipo hapa. Kadi yako ya mtihani iko wapi?" Hilo neno nilikuwa nalisikia mara ya kwanza maishani. Kumbe kulipa ada ni kitu moja na kusajili yuniti, yaani yale masomo ya semista, kwa potali ya chuo kwa mtandao ni kitu ingine kabisa, na kama hujasajili yuniti kadi ya mtihani haitoki. Wenzangu wakaingia wote, mlango ukafungwa, nikabaki nimekaa kwa ngazi.

Sikumpigia mama simu. Ningemwambia nini? Nilirudi chumbani nikalala siku tatu nikiwaza venye nitarudi mtaani na lile sanduku, watu wakiniangalia. Siku ya tatu komredi mmoja wa mwaka wa tatu, kijana wa Dandora, akabisha akiomba sufuria, akanikuta kwa kitanda saa tano asubuhi wiki ya mtihani. Akauliza, nikamwambia. Akaacha hiyo sufuria, akanishika mkono mpaka ofisi ya idara, sekretari akatoa fomu ya kusajili kwa kuchelewa, nikajaza, ikapigwa muhuri. Dakika kumi. Ile mitihani miwili nilikuwa nimekosa nikafanya kama speshi, yaani mtihani wa waliokosa, mwaka uliofuata, na mengine yote nikafanya na wenzangu.

Hizo dakika kumi bado zinaniuma mpaka leo, juu mtoto ambaye baba yake ama dada yake alipitia chuo angepiga simu moja jioni akaambiwa "enda idara kesho asubuhi" na ingekuwa imeisha. Mimi sikuwa na wa kupigia. Hapo ndio watoto wetu wanapotelea, na hainishangazi tena nikisikia kijana mwerevu wa Huruma ama Mukuru amerudi nyumbani baada ya semista moja na anasema ati kosi ilikuwa ngumu. Muulize vizuri, mara nyingi utakuta kosi haikuwa shida. Ilikuwa fomu, ilikuwa njaa, ilikuwa aibu ya kuuliza.

Kwa hivyo hiyo miezi nane tuitumie.

Kwanza kabisa imeli na paswadi ziwe zako. Najua inakaa kitu ndogo. Mwaka juzi nilikuwa nasaidia msichana mmoja wa hapa karibu, mtoto wa bidii sana, ambaye jamaa wa sayba, lile duka la intaneti, ndio alimfungulia imeli, akamfungulia akaunti ya KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, akamchagulia na kosi. Paswadi iliandikwa nyuma ya risiti. Muda wa kubadilisha kosi ukafunguliwa, tunaenda sayba tunakuta ni duka ya kuuza viatu vya Gikomba, jamaa alihama na hiyo namba yake haipatikani. Risiti ilishaoshwa na sketi. Tulitoa ile karatasi kwa mfuko wa sketi, imekuwa kama pamba, wino yote imeenda, tukaianika dirishani tukiiangalia na hakuna kitu tuliona. Tulihangaika karibu wiki nzima kurudisha hiyo akaunti. Andika paswadi kwa daftari ngumu, nyumbani, na nyingine iwe na mama. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako pia, na kama umefika miaka 18 kitambulisho usingoje mpaka Julai, enda mapema, juu kila kitu huko mbele kitakiuliza.

Kwa kuchagua kosi, potali ya KUCCPS inaonyesha kila kosi inataka masomo gani manne ya klasta na pointi za mwisho walizochukua mwaka uliopita, klasta ikiwa juu kabisa ni 48. Soma hiyo mwenyewe. Usiende na jina tamu, watu wengi wanajaza kosi ambayo hata somo moja la klasta hawana. Na kama hukufika C+, KUCCPS hiyo hiyo inapeleka watu TVET, vile vyuo vya ufundi, na HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, inakopesha wanafunzi wa TVET pia, na mimi nakwambia kutoka moyoni, diploma ya umeme ambayo umemaliza inashinda digrii uliyoacha katikati.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Kuitwa na KUCCPS hakukuletei pesa. Lazima uombe mwenyewe kwa potali ya HEF, ya pesa za elimu ya juu. Tangu mfumo mpya uingie 2023 hiyo ndio inaangalia familia yako inajiweza aje, na kwa zile bendi tano, yaani makundi ya familia kulingana na uwezo, ya kwanza udhamini wa serikali unabeba asilimia 70 ya ada, mkopo 25, nyumbani mnabaki na 5, lakini ukiangukia bendi ya tano nyumbani mnaambiwa mlipe 40. Huo mfumo umepelekwa kortini na umerekebishwa hapa na pale kwa hivyo angalia ya mwaka wako, lakini kazi ya ile fomu haijabadilika: inauliza mapato, ndugu wangapi wako shule, ulisomea wapi, mnaishi aje. Usijaze kwa haraka na usijaze na aibu. Kuna vijana wanaandika mama ni mfanyibiashara juu wanaona haya kuandika anafua nguo za watu. Andika ukweli, beba barua ya chifu, kama kuna cheti cha kifo cha mzazi kitafute mapema. Na ukiwekwa bendi ambayo si yako, kata rufaa. Watu wetu wanaogopa sana kukata rufaa, wanadhani serikali ikisema imesema.

Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na ile ya wadi ya kaunti pia, kama zinatolewa mwaka wako jaza zote mbili, fomu huwa zinatoka na kufungwa haraka, kwa hivyo mtu mmoja nyumbani awe anapita ofisini kuuliza.

Lakini kile kinaumiza ni baada ya pesa kuingia. Sehemu ya ada inaenda chuoni, ile ya kujikimu inakuja kwako, na siku hiyo unaweza kuwa na pesa ambayo kwenu haijawahi kaa pamoja kwa nyumba. Hiyo jioni simu inalia. Kodi ya nyumba miezi miwili, landilodi ametoa mlango. Ndugu yako mdogo amefukuzwa shule. Mimi nilituma zaidi ya nusu, na singeweza kuacha kutuma, niambie ni nani angekula kuku huko na mama yuko nje. Alafu nikaishi kwa chai na mandazi mpaka mwisho wa semista, usingizi darasani, kichwa kinauma. Saa hii nikikaa na familia nawaambia waongee hii maneno kabla mtoto aondoke, uso kwa uso, wakubaliane kiasi gani kitarudi nyumbani na kiasi gani hakiguswi hata mtu akiwa hospitali. Na siku pesa imeingia, kabla ya kitu ingine, lipa chumba ya semista nzima na ununue unga, mchele, maharagwe, mafuta. Chakula ikiwa chini ya kitanda hakuna mtu anaweza kukopa kwa simu. Na kumbuka ule mkopo ni deni, HELB wanaanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza, na riba ni asilimia 4.

Kusoma pia. Nyumba ya chumba kimoja na redio ya jirani ukutani si mahali pa kuzoea kusoma masaa matatu, nenda maktaba. Kaloleni iko, ile ya Makadara iko, ya knls Buruburu iko. Kaa hapo usome kitabu kirefu kizima, chochote, juu chuoni utapewa kurasa sitini kwa wiki na hakuna mwalimu wa kukuandikia noti ubaoni. Na ujifunze kutaipu, hata kama ni saa moja kwa sayba kila Jumamosi na pesa ya mjengo, juu wiki ya tatu utaambiwa asainmenti iwe imetaipiwa na itumwe kwa potali, na hapo si mahali pa kuanza kutafuta herufi A iko wapi.

Kina mama na kina baba, hata kama hukupita darasa la nane wewe ndio wa maana hapa. Kuna mama wa Kayole nilimwandikia maswali manne, akayabandika kwa kalenda ukutani kando ya jiko. Umesajili yuniti zote? Kadi ya mtihani umepata? CAT ya wiki hii ni lini? Umekula nini leo? Kila Jumapili jioni anapiga simu na anauliza hayo manne, mstari kwa mstari, na akijibiwa "iko sawa mathe" anasema hapana, niambie ni ngapi. Kijana wake alimaliza mwaka wa pili bila sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja.

Yule msichana wa sayba naye aliripoti. Wiki ya pili tu akanipigia saa nne asubuhi, nasikia kelele za watu nyuma yake. "Ticha, nimesajili yuniti sita, ya saba inakataa." Nikamuuliza uko wapi saa hii. Akaniambia niko kwa mlango ya idara, niko mtu wa tatu kwa laini, nilikuwa nataka tu kujua niingie nikisema nini.