Cheti cha sheria: ada si gharama yote

Kabla sijafungua kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi hapa Mwanga, Kigoma, nilikuwa karani wa wakili kwa miaka kumi na moja. Ndiyo maana maswali ya cheti cha sheria yakija huniangukia mimi. Haya ni ya mwezi huu.

Shikamoo mzee. Nauza mawese Mwandiga, nikitoa gharama zote nabaki na kama 180,000 kwa mwezi. Nina D nne za kidato cha nne. Chuo kimoja kinataka ada ya 1,100,000 kwa mwaka wa astashahada ya sheria, na wakili mmoja kaniahidi kazi ya 250,000 nikimaliza. Niuze mtaji nisome?

Marahaba. D nne zinakutosha, mradi hakuna ya somo la dini humo ndani. Sasa tushike kalamu.

Ada, 1,100,000. Chumba tuseme 30,000 kwa miezi kumi, 300,000. Chakula sikihesabu, maana hata Mwandiga unakula. Wengi wakifika hapa hufunga daftari. Wewe usifunge, kwa sababu miezi kumi hiyo hutauza mawese, na 1,800,000 haitaingia mfukoni. Jumla 3,200,000, na zaidi ya nusu yake haimo kwenye karatasi ya chuo.

Njoo kwenye faida. Ukitoa 180,000 kwenye 250,000 inabaki 70,000 kwa mwezi. Gawa 3,200,000 kwa hiyo 70,000: karibu miezi 46. Miaka minne kasoro ndipo fedha yako irudi, tena kama wakili hajasahau ahadi yake na mshahara unatoka kila mwisho wa mwezi. Mimi nimekaa ofisi ambayo mshahara ulifuata wateja. Kesi zikipungua, anayeambiwa "subiri kidogo" ni karani, si mwenye nyumba anayedai kodi.

Sijasema usisome. Astashahada ukiifanya kituo cha mwisho, ni ghali kwa hesabu zako. Ukiifanya ngazi, hesabu inabadilika: mwaka huo mmoja, kisha stashahada miaka miwili, kisha shahada kama matokeo yako ya stashahada ni mazuri, kisha Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, ndipo uapishwe kuwa wakili. Ni safari ndefu, na Bodi ya Mikopo haibebi mtu wa astashahada. Kwa hiyo jiulize kwanza kama una pumzi ya miaka minane hivi. Kama unayo, anza. Ila mtaji usiuuze: mtafute mdogo wako ashike madumu, mgawane faida. Mtaji ukishaliwa na ada hauzai tena.

Nimehudhuria mafunzo ya usaidizi wa kisheria hapa Kasulu. Wenye migogoro ya ardhi wananijia kila siku mpaka shamba langu limeota majani. Nikiwatoza 10,000 kila mmoja ni kosa?

Ni kosa, ndugu yangu, na najua jibu hili halitakufurahisha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo iliyokutambua, na huduma iliyokutambulia ni ya bure. Unaelimisha, unasuluhisha, unamwelekeza mtu baraza lipi aende na abebe karatasi gani. Kumsimamia mahakamani si kazi yako. Na ukianza kuandaa nyaraka za kesi kwa malipo, umeingia shamba la mawakili, na Sheria ya Mawakili ina adhabu yake. Mtaani tunamwita mtu huyo kishoka.

Watu wanachanganya sana hapa. Wanasikia "msaidizi wa kisheria" wanadhani ni ajira. Ni utumishi wa kujitolea.

Lakini una mali ambayo hujaihesabu. Kiha chako Mrundi anakielewa, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwako. Shirika linalotafuta mtu wa kumsikiliza mkimbizi linataka anayeielewa lugha, aliyezoea kuandika maelezo bila kumkemea mwenye shida. Weka daftari la mashauri uliyosaidia: tarehe, aina ya mgogoro, uliishia wapi, bila majina ya watu. Siku ya usaili litasema zaidi ya cheti.

Dada yangu yuko Marekani, anasema nisome cheti cha huko kwa intaneti, anilipie kwa dola. Niko Nzega.

Mshukuru dada, kisha mwombe fedha hizo hizo zilipe ada ya chuo cha hapa. Kozi ile inafundisha sheria na mahakama za kule, na imetengenezwa kwa ajili ya mtu atakayefanya kazi chini ya wakili wa kule. Hata huko wanaangalia kama programu imeidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani. Wakili wa Nzega atakuuliza Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linapokea maombi ya namna gani, na kozi hiyo haitakuwa imekugusia.

Mimi ni katibu mahsusi, nilisoma uhazili Tabora, niko ofisi ya wakili mwaka wa sita. Nina miaka 38. Cheti cha sheria kitaniongezea nini?

Wewe, dada, ndiye ningekusukuma. Hutaacha mshahara ukipata chuo cha jioni au cha masafa, kwa hiyo ile hesabu ya muuza mawese haikuhusu. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, mashauri sasa yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na anayechapa Kiswahili safi huku akijua anachokichapa ni adimu.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili nilichapa hati ya kiapo, nikaacha wazi mstari wa chini, pale kamishna wa viapo anapotaja mahali na tarehe ya kuapa. Wote tukasaini juu juu, muhuri ukagongwa. Upande wa pili wakauona ule uwazi kabla hata hawajasoma aya ya kwanza, na ombi letu likatupwa. Mteja alikuwa amekuja kwa boti kutoka vijiji vya ziwani. Mwaka mmoja wa darasa ungenifundisha mstari ule.

Ila kabla ya kulipa, mwulize bosi wako kwa maandishi atakuongeza kiasi gani.

Nikiwa na astashahada naweza kumsimamia mjomba kwenye kesi ya kiwanja?

Kwa astashahada, hapana. Ila kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya sheria inamruhusu ndugu kumsimamia mwenye kesi, awe na cheti au hana.

Binti yangu anataka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Nijiandae na nini zaidi ya ada?

Hakikisha kwanza kozi anayoitaka imo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi. Fanya hivyo kwa chuo chochote. Kisha hesabu nauli ya kwenda na kurudi, na likizo usiisahau: kutoka Kigoma ni kuvuka nchi nzima mpaka Mombo, halafu apande milima ya Usambara. Mnunulie blanketi zito na masweta mawili. Mtoto wa Kigoma akifika Lushoto mwezi wa sita ndipo anajua kwamba hajawahi kuona baridi.