Watu sita, akaunti moja: nani aliyefuta folda yetu?

Swali: Ofisini tuko sita, na sote huingia kwenye seva yetu ya Ubuntu kwa akaunti moja na nenosiri moja ili kila mtu aweze kuhariri faili za mwenzake. Juzi folda ya data imefutwa na hakuna anayekiri. Je, aliyefuta anaweza kujulikana? Na tukitenganisha akaunti, tutashirikianaje?

Jibu: Kumjua ni vigumu. Faili ya `/var/log/auth.log` huonyesha saa ambayo mtu aliingia na anwani ya IP aliyotokea, lakini jina la mtumiaji ni lile lile kwa wote, na ikiwa seva iko nje ya ofisi, nyote mtaonekana kwa anwani moja ya ruta yenu. Faili ya `.bash_history`, inayohifadhi amri zilizoandikwa, nayo imechanganya amri za watu sita, na yeyote kati yenu anaweza kuihariri, kwa hiyo nisingemtuhumu mtu kwa ushahidi huo.

Kushirikiana faili hakuhitaji akaunti moja; kunahitaji kikundi. Mfungulie kila mtu akaunti yake, unda kikundi, tuseme `data`, kisha uwaingize kwa `usermod -aG data jina`. Herufi `a` usiisahau hata kidogo, kwani bila hiyo mtumiaji huondolewa katika vikundi vyake vingine vya ziada, na kama kimojawapo ni `sudo`, unaweza kujikuta umejivua mwenyewe madaraka ya usimamizi. Folda ya pamoja ikabidhi kwa kikundi hicho, ukiipa ruhusa `3770`: ndani ya tarakimu ya kwanza, yaani 3, mna 2, inayofanya faili mpya zirithi kikundi cha folda, na 1, inayozuia mtu kufuta faili asiyoimiliki hata kama ana ruhusa ya kuihariri. Hiyo 1 hairithiwi na folda ndogo, kwa hiyo iweke huko pia. Umask, yaani mpangilio unaoamua ruhusa za faili mpya, nayo iwe `002`, la sivyo wenzako watazisoma faili mpya bila kuweza kuzihariri.

Akaunti ya zamani ifunge, na uangalie hapo kwa makini: `passwd -l` hufunga nenosiri tu, na mwenye ufunguo wa SSH (faili ya siri inayomwezesha kuingia kwa mbali bila nenosiri) ataendelea kuingia. Tumia `usermod -L -e 1 jina`, ambayo pia huifanya akaunti ihesabiwe kuwa imekwisha muda, kisha ukate na vipindi vilivyo wazi kwa `pkill -KILL -u jina`, maana aliyekwisha kuingia haguswi na kufuli hilo.